Mashine ya Theluji ya Bi Mwanabaraka

Mashine ya theluji ililetwa kwetu mwezi wa Agosti. Agosti! Joto lile la London ambalo watu wanalala bustanini nusu uchi kama samaki walioanikwa, madirisha yote wazi, halafu linaingia gari la Yogesh kwenye mtaa wetu hapa Stratford, na nyuma limebeba dude jekundu la kusukumia theluji. Jirani mmoja alisimama na aiskrimu yake mkononi, akaangalia mbingu, akaangalia dude, akaingia zake ndani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, kanga begani, upepeo mkononi. Wakati huo alikuwa bado anaweza kukaa.

"Umechelewa, Yogesh," akasema. "N'lidhani n'takufa nizikwe, ndo uje na dude lako uulize nyumba ya Mwanabaraka iko wapi."

"Wewe hufi leo," Yogesh akajibu huku anashusha ubao wa nyuma wa gari. "Mtu wa Wete hafi mpaka amalize kusema, na wewe hata nusu hujafika."

"Na wewe vaa kofia. Hicho kipara kitatutia upofu."

Yogesh ni fundi wa mashine za kukatia majani huko Harrow. Lakini kazaliwa Wete, Pemba, baba yake alikuwa na duka la baiskeli, na yeye na mama walikuwa skuli moja, darasa moja, mpaka familia yake ikaondoka. Ilikuwa baada ya mapinduzi, watu wanaondoka bila ya kuaga, unakwenda skuli asubuhi unakuta mwenzako hayupo. Walikuja kuonana tena London, wote wana mvi, wamekaa viti vya jirani spitali wanangoja kuitwa. Mama akasikia Muhindi anaguna "ah, mgongo wangu" kwa Kipemba, akageuka. Tangu siku hiyo hawakuacha kutaniana.

Mashine ile mama aliitaka mwenyewe, na nisiposema kwa nini, mtadhani alikuwa amechanganyikiwa.

Baridi ya mwaka wa nyuma yake alifariki baba yangu, Msabaha. Na sisi maiti hatuiweki. Mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa, ndivyo tulivyozoea. Lakini baba alifariki theluji inamwagika, na makaburi tunayozikia yako kilimani, na sehemu ya Waislamu iko mwisho kabisa, mbali na geti. Njia ikaganda. Ofisi ya makaburi wakasema gari halipiti, na watu hawapiti, mtu atateleza avunjike, subirini. Tukasubiri. Karibu wiki nzima baba kalazwa kwenye friji, na mama yuko kitandani, mablanketi mawili, anatetemeka, anasema, "Msabaha anaona baridi." Namwambia, mama, maiti haioni baridi. Ananiangalia kama mimi ndiye niliyemfungia mle.

Mwaka haujageuka, figo za mama zikakataa. Daktari alituweka chini akatuambia kwa sauti ya upole sana, na mimi nikatafsiri, na mama akasema, "Mwambie nimeelewa, asijitese." Tulipofika nyumbani akaniita nikae pembeni yake.

"Lila, mwanangu. Nina mambo mawili. La kwanza, usinilaze kwenye friji. Nizikwe upesi. La pili, unioshe wewe. Mdogo wangu Nasim atakuwepo akuonyeshe, lakini mkono wa mwanzo uwe wako. Mie ndo n'liekuogesha wa mwanzo."

"Mama, usiseme hayo."

"Nayasema. Haya, niahidi."

Nikamwahidi. Yote mawili. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, tena wa uzeeni, n'takataa vipi?

Kesho yake akampigia simu Yogesh akamuuliza kama kuna mashine ya kusukumia theluji. Yogesh akacheka mpaka akakohoa. Halafu mama akamwambia ya nini. Yogesh akaitafuta, akaipata kwa mtu wa Stanmore aliyekuwa anaitupa, imeota kutu, na akaileta Agosti hiyo hiyo, maana anasema theluji ikishaanguka kila mtu anakuwa na mashine mbovu na kila mtu anataka fundi.

Basi tukaitengeneza uani, jua linatupiga. Yogesh akamwaga petroli ya zamani iliyokuwa inanuka kama rangi, akabadilisha plagi, akatia oili. Mbele ya mashine kuna skrubu kubwa kama ya kusagia nyama, ndiyo inayokula theluji. Juu kuna bomba lenye shingo, unaligeuza, theluji inarukia pembeni. Mpini una mkono wa chuma: ukiubana, waya unavuta, skrubu inazunguka. Ukiuachia, inasimama.

"Kidole kikiingia humu," Yogesh akaniambia, "usikitafute."

"Mbona unanitisha?"

"Nakutisha ili uolewe na vidole vyote. Pete tutaivisha wapi?"

Mama akacheka mpaka akajishika ubavu.

Sasa kwa nini mimi? Kwa sababu chama chetu cha mazishi kina wanaume wengi, mashallah, na kila mmoja alisema atakuja Jumamosi kujifunza mashine. Jumamosi ikafika. Mmoja alituma picha ya dole gumba kwenye grupu. Basi. Na ofisi ya makaburi walishasema tunaweza kusafisha njia wenyewe, lakini lazima wajue jina la mtu mmoja aliyefundishwa, na huyo tu ndiye atakayeishika mashine. Likaandikwa langu.

Mjomba Talib halikumpendeza. Mjomba Talib ni kaka yake mama, fundi cherehani, alitoka Wete mwezi wa Juni kuja kumuuguza dada yake. Mtu mpole, mwembamba, hata Agosti kavaa sweta.

"Wanawake hawendi kuzika, Mwanabaraka," akasema.

"Hendi kuzika. Anakwenda kufagia," mama akamjibu. "Tangu lini nyie mkafagia?"

Yogesh akajifanya anakaza nati.

Ilipobaki kupaka mafuta tu, Yogesh alituachia kopo dogo jeusi, akaonyesha kwa kidole: waya huu, na ule, na shingo ya bomba, zipakwe mpaka zishibe, zisije zikakwama. Akaondoka. Na mimi nilikuwa na shift dukani, nimeshachelewa, simu inalia, meneja anauliza niko wapi.

"Wende zako kazini," Mjomba akaniambia. "Mie ntapaka. Miaka yote hii napaka cherehani, ntashindwa na hii?"

Niliporudi mashine ilikuwa inang'ara. Hasa, inang'ara! Mjomba kakaa pembeni yake anajifuta mikono, na mama anasema, "Muangalie mjomba wako, kaipaka kama anapaka bibi harusi." Nikaubana mkono wa chuma, ukaenda laini kama siagi. Nikampiga picha Mjomba na mashine. Ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo ikawa kila nikipata nafasi naiwasha uani, injini tu, isilale sana. Yogesh alinikataza kuizungusha skrubu pale kwenye changarawe, nitarusha mawe nivunje madirisha ya watu. Naivuta kamba, inaunguruma, na mama anagonga kioo cha chumbani kwake, anapiga makofi. Oktoba alikuwa anapiga makofi akiwa amekaa. Mwisho wa Oktoba nikawa naona mkono tu.

Novemba Yogesh akaipeleka makaburini, wakatupa nafasi kwenye banda la vifaa, pamoja na mabeleshi yetu na mifuko ya chumvi ya kumwaga njiani. Mfanyakazi wa pale ni Tarsem, Singasinga wa Nakuru, kilemba cha bluu, Kiswahili cha kwao.

"Kwa hivyo hii ndio tingatinga yenu," akasema.

"Ndiyo hii."

"Na wewe ndio dereva. Sawa, madam. Mimi sitaigusa, maanake nikiigusa bosi ananifuta kazi. Lakini nitaiangalia na jicho."

Kutoka hapo kazi yangu ikawa simu. Naangalia hali ya hewa kwenye basi, naangalia kwenye kaunta mteja kasimama na begi lake, naangalia chooni. Mawingu, matone, jua nusu. Nilikuwa naogopa kile kialama cha wingu chenye vidoa vyeupe. Mama kila asubuhi ananiuliza, "Simu yako inasemaje?" Namwambia, "Mvua, mama." Anasema, "Haya, basi leo naweza kufa," na anacheka peke yake, na mimi natoka nakwenda kusimama jikoni.

Alifariki Alkhamisi moja ya Desemba, nyumbani, kabla ya adhuhuri, kichwa chake kiko kwenye mkono wangu. Mjomba alikuwa anasoma upande wa miguu. Mama alivuta pumzi, nikangoja inayofuata, nikangoja. Mjomba akafunga msahafu ndipo nikajua.

Alasiri vile vidoa vyeupe vikaanza kuanguka. Vidogo, kama unga unapochunga. Nilikuwa nimesimama na simu sikioni naongea na ofisi ya makaburi, na macho yangu yako dirishani, na nikaona.

Makaratasi yote yalipatikana siku ile ile, watu wa chama kwenye makaratasi ni hodari kweli. Msikitini kuna chumba cha kuoshea, na wakatukubalia mama alazwe humo, sio kwenye friji, dirisha wazi. Mama mdogo Nasim, mdogo wake mama, akasema atakaa naye yeye. Ahadi ya kwanza ikawa imetimia nusu. Lakini ofisi ya makaburi walisema kama walivyosema kwa baba: njia ikiwa safi kesho kabla ya Ijumaa kusaliwa, zikeni. Isipokuwa safi, mpaka Jumatatu, kwa sababu theluji inaendelea. Na mpaka Jumatatu pale chumbani hawawezi kumuacha. Itakuwa friji.

Na kuosha kumepangwa kesho asubuhi, saa nne. Baada yetu kuna maiti mwengine anasubiri chumba.

Nikapiga hesabu yangu. Naingia makaburini alfajiri. Njia yenyewe Yogesh alishaniambia, ni kazi ya chini ya saa moja. Natelemka kwa miguu mpaka stesheni, treni zinakwenda, saa nne niko msikitini. Nikamwambia Nasim, "Mningoje. Ntakuja." Akasema, "Tutakungoja, mwanangu. Nani aanze bila yako?"

Ijumaa alfajiri kile kilima kilikuwa cheupe chote, huwezi kujua lipi kaburi, ipi njia. Tarsem alikuwa keshafungua geti, kavaa koti la kung'aa, anapuliza mikono. Akaniangalia, hakunipa pole kwa maneno, alivua glavu yake ya kulia akanipa mkono, akaivaa tena.

Tukaisukuma mashine nje. Nikafungua petroli, nikavuta kamba mara moja, kimya. Mara ya pili, ikanguruma! Nilipiga kelele, wallahi, nilipiga kelele pale katikati ya makaburi, "Mama, imewaka!" Tarsem akacheka. Nikaweka mikono kwenye mpini, nikaubana ule mkono wa chuma.

Haukwenda.

Nikabana kwa mikono miwili. Nikaning'inia. Chuma kimekaza kama kimechomelewa. Nikashika bomba niligeuze, shingo haigeuki. Nikazima injini, nikavua glavu, nikainama kuangalia pale waya unapoingia kwenye mrija wake. Kulikuwa na kitu cheupe kimejaa mdomoni mwa mrija, nikadhani theluji. Nikakigusa kwa kidole. Hakikuwa theluji. Kilikuwa kigumu kama mshumaa, halafu chini ya kidole kikaanza kuyeyuka, na harufu ikanijia.

Nazi.

Yalikuwa mafuta ya mama. Mafuta ya nywele, ya kukamuliwa nyumbani, chupa kubwa ambayo Mjomba aliileta kutoka Wete imefungwa kwenye taulo. Mama hakupaka mengine. Kumbe Mjomba hakulipenda lile kopo jeusi la Yogesh, au hakuliamini, sijui, akachukua kilichokuwa bora ndani ya nyumba. Agosti yalikuwa maji. Kwao Wete ni maji mwaka mzima. Nani angemwambia? Alikuwa hajawahi kuona theluji.

Nilikaa chini. Harufu ya kichwa cha mama ilikuwa pale, nywele zake za Ijumaa, nikiwa mdogo nimekaa katikati ya magoti yake na yeye anazipaka zangu kwanza halafu zake. Nilinusa kidole changu kama mwendawazimu.

"Ni nini?" Tarsem akauliza.

"Mafuta ya nazi. Yameganda."

"Nani anaweka mafuta ya nazi kwa mashine?"

"Mtu anayempenda dada yake," nikasema, na hapo ndipo nikalia, tangu Alkhamisi sikuwa nimelia.

Tarsem akakimbia. Singasinga mnene yule, anakimbia kwenye theluji, kilemba kinayumba! Akarudi na birika la umeme la ofisini linatoa moshi, na mataulo ya jikoni.

"Mimi sijagusa mashine," akasema. "Mimi nimeleta maji ya chai. Ukimwaga kwa mashine ni shauri yako."

Kumwaga moja kwa moja niliogopa, maji yataingia kwenye mrija yagande humo humo. Nikawa nachovya taulo, nakamua, nalizungushia kwenye waya, nashika mpaka linapoa. Halafu tena. Yeye anakwenda anajaza birika, anarudi. Mikono yangu ilikuwa inaungua upande mmoja na inakufa ganzi upande mwengine. Mafuta yakaanza kutoka kwenye mdomo wa mrija, yanadondoka polepole, na yakifika kwenye theluji yanakuwa vishanga vyeupe. Nabana mkono wa chuma, unasogea kidogo, unarudi kukaza. Nageuza shingo, inalia. Simu nimeiweka juu ya mfuko wa chumvi na ninaona saa inakwenda, inakwenda tu, na theluji bado inaanguka.

Nasim akapiga. Nikaweka sauti juu, mikono yangu imekamata taulo.

"Lila, uko wapi? Tumeshafika wote. Maji tayari, sanda tayari."

"Niko makaburini, mama mdogo. Mashine imekwama."

"Ah! Na Talib kashakwenda kuzungumza na watu wa gari."

"Nipe muda kidogo."

Kulikuwa na sauti za wanawake nyuma yake, mtu anafungua mlango, mtu anamwambia Nasim maneno. Nasim akarudi. "Wanasema hatuwezi kuchelewa, mwanangu. Kuna maiti mwengine wa kike ameletwa yuko nje hapa, na Ijumaa ni ile ile moja." Sauti yake ikashuka. "Kwani hawezi kushika mwengine hiyo mashine? Iache. Njoo. Talib atatafuta watu waje na mabeleshi."

Niliangalia njia. Kutoka bandani mpaka kule mwisho kwenye miti, weupe mtupu mpaka nusu ya muundi. Niliwaangalia wale watu na mabeleshi kichwani mwangu, wazee wa chama, mwenye moyo, mwenye goti, wanakuja baada ya sala. Nikamuona mama kwenye friji mpaka Jumatatu.

Na nikamuona mama amelala msikitini, ananingoja mimi.

Yote mawili niliahidi. Jamani, yote mawili!

"Lila?" Nasim akasema. "Tufanye nini?"

"Anzeni," nikasema.

Nilimsikia anapumua. "Sawa, mama," akasema, na akakata.

Tarsem alikuwa kasimama na birika lake. Alisikia yote na alielewa yote. Akaniwekea taulo jipya mkononi.

Sijui ilichukua muda gani tena. Ninachojua ni kwamba mara moja nilibana na mkono wa chuma ukashuka mpaka chini, bila ya kelele, laini, kama siku ile ya Agosti. Nikawasha. Nikabana tena. Skrubu ikazunguka, ikaingia kwenye theluji, na theluji ikaruka juu kama mtu kapasua mto wa manyoya. Nikasukuma. Ile mashine ina nguvu, inakuvuta yenyewe, unachotakiwa ni kuishika isipotee njia, na mimi nilikuwa sioni, machozi na theluji vyote usoni. Nyuma yangu Tarsem anamwaga chumvi kwa beleshi lake. "Beleshi ni la kazi," alipiga kelele juu ya injini, "hii naruhusiwa!"

Na kila injini ilipozidi kupata moto, ile harufu ilizidi. Njia nzima. Nilikuwa nafungua njia ya mama na mama ananukia mbele yangu.

Nilifika kwenye kaburi. Shimo, walilolichimba jana kabla theluji haijazidi, lilikuwa limefunikwa mbao, na mbao zimefunikwa theluji. Niliisukuma mashine pembeni, nikachukua beleshi, nikazisafisha mbao kwa mikono yangu. Pembeni ni baba. Jiwe lake lilikuwa limezama lote, nikalifuta nalo.

Nikaishusha mashine mpaka nusu ya njia, nikazirudia sehemu zilizoanza kujaa tena, na hapo nikasikia watu. Gari halikupita geti, kilima kilikuwa kinateleza, kwa hivyo walimbeba. Nikazima injini. Nikaivuta mashine nje ya njia, nikasimama nayo baina ya makaburi ya watu nisiowajua.

Walikuja upesi, kama inavyotakiwa, la ilaha illallah inapanda na kushuka, mabega yanapokezana. Mjomba Talib alikuwa mbele kushoto, sweta juu ya kanzu, midomo yake ya kijivu kwa baridi. Jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, na theluji inatua juu yake, na mtu mmoja anatembea pembeni anaipangusa kwa kiganja, anapangusa, anapangusa. Walinipita. Pale pale, mkono wangu ungefika. Sikuunyoosha. Miguu yangu ikaanza kuwafuata yenyewe, hatua chache, na mzee mmoja wa mwisho akageuka akaniangalia kwa huruma, akatikisa kichwa. Nikasimama.

Yogesh alikuwa kaja. Yeye angeweza kwenda mpaka kaburini, ni mwanamme, hakuna ambaye angemkataza. Alikuja akasimama na mimi kwenye mashine. Alifungua mdomo, nikajua anatafuta utani wake, na haukutoka. Akavua kofia. Theluji ikamtua kwenye kipara na hakuifuta. Kutoka pale tulikuwa tunasikia tu udongo, mgumu, vipande vipande, unagonga mbao za ndani. Baadaye ukawa hausikiki tena vile, ukawa udongo juu ya udongo.

Mama alizikwa siku ya pili. Hakulala kwenye friji.

Wanaume waliporudi kila mmoja alinipa mkono. "Umefanya kazi kubwa." "Mungu akulipe." Mjomba Talib alikuja wa mwisho, magoti yake yamejaa udongo. Aliishika mashine begani kama mtu anavyomshika mnyama wake.

"Haikukusumbua?" akaniuliza.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake Yogesh alikuwa kainama anaangalia waya, nikamuona anakunja pua, ananusa, halafu akaniangalia mimi. Nikamtikisia kichwa.

"Haikunisumbua, Mjomba."

"Alhamdulillahi. N'liipaka vizuri."

"Uliipaka vizuri sana."

Nyumbani kulijaa wanawake. Viatu mlangoni mpaka barabarani, ubani, masufuria ya watu. Waliponiona wakafungua njia. Walinivua koti, wakanivua soksi, mtu akanisugua miguu. Na kila mmoja alikuwa na la kunipa. Mmoja akasema, uso wake ulikuwa unang'ara. Mwengine akasema, alikuwa kama msichana. Mwengine akasema, viungo vilikuwa laini, hakutupa taabu hata kidogo, alikuwa kama anatusaidia. Walikuwa wananipa kwa sababu mimi ndiye pekee mle ndani niliyekuwa sina. Nikawa nashukuru. Nilikuwa nashukuru kila mmoja, "ahsante, ahsante," na ninataka kuwafukuza wote.

Nasim alikuwa kakaa chini chumbani kwa mama, mgongo kwenye kitanda. Mikono yake ilikuwa imesinyaa kwa maji. Nikakaa pembeni yake. Hakuniambia habari ya uso. Aliuchukua mkono wangu, wenye malengelenge ya birika, akauweka juu ya paja lake.

"N'liposhika kopo la mwanzo," akasema, "nilisema, huu ni mkono wa Lila. Nilisema kwa sauti. Wote wamesikia."

Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokuwa nataka kujua, tangu ilipokatwa ile simu, na niliogopa kukiuliza.

"Mama mdogo. Yale maji. Yalikuwa ya baridi?"

"Ala! Ya baridi?" Nasim akageuka akaniangalia. "Nimwagie Mwanabaraka maji ya baridi, Desemba hii? Yalikuwa ya vuguvugu. N'liyajaribu hapa." Akanionyesha kiwiko chake. "Kama unavyojaribu ya mtoto."

Nikakilaza kichwa changu pale pale kwenye kiwiko, na yeye akakiacha.